Kubana na kuachia: mazoezi ya sakafu ya nyonga kwa wanawake na wanaume

Uliza popote kuhusu mkojo unaochuruzika ukicheka, utajibiwa neno moja: Kegel, yaani zoezi la kubana misuli ya sakafu ya nyonga. Mama aliyejifungua mwezi uliopita ataambiwa abane. Mzee aliyetoka kuondolewa tezi dume ataambiwa abane. Bi harusi anayeumia kila mumewe akimkaribia naye ataambiwa abane. Wawili wa kwanza huenda wakapata nafuu, lakini huyu wa tatu atazidi kuumia, kwa sababu misuli yake tayari imejibana kutwa nzima na hajui namna ya kuiachia.

Misuli hii imetandazwa chini ya nyonga, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, na pembeni imeshikwa na kuta za nyonga. Mkojo na haja kubwa hupita katikati yake, na kwa mwanamke uke pia. Ifikirie kama kitanda cha kamba: kamba zikilegea, mwili unazama katikati, zikivutwa kupita kiasi, kitanda hakilaliki. Sehemu kubwa ya nyuzi zake ni za kushikilia taratibu kwa muda mrefu, ndizo zinazobeba kibofu, kizazi na utumbo ukiwa umesimama. Sehemu ndogo ni za kushtuka haraka, ndizo zinazofunga njia ya mkojo kabla chafya haijatoka. Kwa hiyo mtu anayefanya mibano mirefu peke yake, au mifupi peke yake, ameacha nusu ya kazi.

Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, hakuwapa wagonjwa wake karatasi na kuwaambia waende nyumbani. Aliwapima kwa kidole, kisha akawapa kifaa cha kuweka ukeni chenye geji, ili kila mmoja aone kwa macho yake kama anachokifanya kinaleta mgandamizo. Kilichobaki leo ni jina lake. Kupima kumesahaulika, na hapo ndipo mambo mengi yanapoharibika. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Bump waliwaeleza wanawake 47 kwa mdomo tu namna ya kubana, kisha wakawapima. Karibu nusu walibana sawasawa. Robo walifanya jambo linaloweza kuzidisha uvujaji: walisukuma chini badala ya kuvuta juu.

Imelegea au imekaza?

Misuli iliyolegea hujionyesha kwa mkojo kutoka ukikohoa, ukiruka, ukinyanyua ndoo au ukiinuka kwenye kiti, ushuzi kukuponyoka, uzito ukeni unaoongezeka jioni na kupungua ukilala, au kuhisi kitu kama uvimbe laini kinashuka.

Misuli iliyokaza ina lugha nyingine. Mkojo unachelewa kuanza, unakatika katikati, au unamaliza na bado unahisi haujaisha. Choo kinatoka chembamba kwa kujikamua sana. Kuna maumivu ukikaa muda mrefu, maumivu chini ya tumbo, kinenani, kwenye msamba au kwenye korodani, maumivu wakati wa tendo la ndoa au, kwa wanaume, baada ya kumwaga. Kisodo hakiingii, na kipimo cha ukeni kwa daktari kinakuwa mateso.

Kinachochanganya ni kwamba misuli iliyokaza nayo inaweza kuvujisha mkojo. Msuli uliochoka kwa kujibana kutwa hauna akiba ya kubana zaidi chafya inapokuja. Ndiyo maana kuvuja peke yake hakutoshi kukuambia ufanye zoezi gani.

Hapa niseme neno kuhusu kile kinachoitwa UTI sugu. Mtu anakwenda haja ndogo kila nusu saa, kinena kinauma, mkojo unachoma kidogo. Anapewa antibiotiki, anapata nafuu siku mbili, yanarudi, anapewa nyingine kali zaidi. Ukishatumia dozi ya pili bila kupona, omba mkojo uoteshwe maabara, maana kipimo cha haraka cha kijiti pekee hakitoshi. Bakteria wasipoota, na magonjwa ya zinaa na kisukari vikaangaliwa visionekane, dawa ya tatu haina kazi. Misuli ya nyonga iliyokaza huleta dalili hizo hizo, kwa wanawake na kwa wanaume. Wanaume wengi wanaoambiwa wana maambukizi ya tezi dume kwa miezi mingi hawana bakteria wowote kwenye mkojo wala kwenye majimaji ya tezi.

Ukienda kwa mtaalamu

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, aliyefundishwa eneo hili ataanza kwa mazungumzo marefu: umejifungua mara ngapi na kwa njia gani, uliongezwa njia au ulichanika, umefanyiwa upasuaji gani, unakunywa nini, choo kikoje, kazi yako ni ya kunyanyua au ya kukaa. Kisha anaangalia unavyopumua, tumbo, kovu, mgongo na nyonga. Kipimo cha ndani hufanywa kwa kidole kimoja chenye glavu na jeli, ukeni kwa mwanamke, kwenye njia ya haja kubwa kwa mwanamume. Hakitumii vyuma. Una haki ya kumtaka mtaalamu wa jinsia yako, kuingia na mtu wako, kusimamisha kipimo katikati, au kukikataa kabisa. Ukikataa, zipo njia mbadala: kuangalia msamba kwa nje unapobana na kukohoa, au kuangalia kibofu kikinyanyuliwa kwenye skrini ya altrasaundi iliyowekwa juu ya kinena.

Kwa kidole hicho anapima nguvu kwa alama 0 hadi 5, anahesabu sekunde unazoweza kushikilia kabla mbano haujalegea, unarudia mara ngapi, na mibano ya haraka mingapi kabla ya kuchoka. Anaangalia pia kama unaachia kabisa, na kama kuna nundu zinazouma ukibonyezwa. Zoezi lako hutokana na namba hizo. Mtu anayeshikilia sekunde 3 akipewa zoezi la sekunde 10, sekunde 7 zinazobaki atabana makalio.

Kubana sawasawa

Mwanzoni lala chali, magoti yamekunjwa, miguu imekanyaga kitanda. Kojoa kwanza. Kwa mwanamke: vuta ndani kama mtu anayezuia ushuzi kwenye kikao, kisha endeleza mvuto huo kwenda mbele kama anayezuia mkojo, halafu juu. Kwa mwanamume maelezo hayo ya ushuzi hayafai sana kama shida ni mkojo, kwa sababu yanaamsha zaidi misuli ya nyuma. Watafiti wa Australia walipopima kwa altrasaundi mwaka 2016, maneno yaliyosogeza vizuri zaidi sehemu inayofunga mkojo yalikuwa "fupisha uume", yaani uvute uume urudi ndani ya mwili.

Hakiki kwa kioo. Mwanamke ataona msamba unaingia ndani na tundu la nyuma linajikunja. Mwanamume ataona uume unarudi nyuma kidogo na korodani zinapanda. Ukiona msamba unatuna kuja nje, acha hapo hapo. Unasukuma, na kila marudio yanafundisha mwili kuvujisha. Njia nyingine ni kuingiza kidole safi ukeni hadi kiungo cha pili: kinatakiwa kibanwe na kivutwe ndani, kisitemwe.

Makosa mengine yanajirudia kwa karibu kila anayeanza. Pumzi inazuiwa, dawa yake ni kuhesabu kwa sauti, maana huwezi kuhesabu na kuzuia pumzi kwa pamoja. Makalio yanabana, weka mkono chini yake, yasikunyanyue. Mapaja yanakutana. Tumbo la juu linakuwa gumu au linatuna. Chini ya kitovu ni sawa kuhisi mvuto mdogo, hiyo ni misuli ya ndani ya tumbo inayofanya kazi na sakafu.

Tafuta kiwango chako: bana, hesabu, simama pale unapohisi unapotea. Tuseme ni sekunde 4. Basi bana sekunde 4, achia sekunde 4 hadi 8, rudia mara 8. Baadaye fanya mibano 8 hadi 10 ya haraka, ya sekunde moja, ukiachia kabisa kila mara. Hiyo ni seti moja. Fanya tatu kwa siku. Mwongozo wa Uingereza unaotolewa na NICE, taasisi inayoandika miongozo ya matibabu, unataka angalau mibano 8 mara 3 kwa siku, kwa miezi isiyopungua 3, chini ya usimamizi, kabla ya kuzungumzia upasuaji wa mkojo unaotoka kwa kukohoa. Ongeza sekunde moja kila wiki moja au mbili hadi ufike 10. Ukishaweza ukiwa umelala, fanya ukiwa umekaa, kisha umesimama, kwa sababu hakuna anayevuja mkojo akiwa amelala chali akihesabu. Mabadiliko ya kwanza huonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Ukifika unapotaka, seti moja kwa siku inatosha kutunza.

Usifanyie zoezi chooni kwa kukata mkojo katikati. Kujaribu mara moja ili kuutambua msuli si dhambi. Kufanya kila siku kunavuruga mpangilio wa kibofu na misuli yake, na mkojo unaobaki ndani hualika bakteria.

Lenye faida ya haraka kuliko yote ni kubana kabla ya tukio. Kikohozi kinakuja: bana, kohoa, achia. Chafya vivyo hivyo. Kuinuka kitini, kushuka daladala, kumnyanyua mtoto: bana kwanza. Watafiti wa Michigan mwaka 1998 walionyesha kwamba wanawake wazee wenye uvujaji mdogo walipunguza mkojo unaotoka kwa kukohoa baada ya wiki moja tu ya kujifunza ujanja huu. Misuli haikuwa imepata nguvu mpya ndani ya wiki. Walijifunza kuitumia kwa wakati.

Kuachia

Sehemu hii haina mvuto, nayo ndiyo inayorukwa. Lala, weka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta hewa kwa pua taratibu, mbavu za chini zitanuke na tumbo lipande. Sakafu ya nyonga nayo inashuka kidogo pamoja na kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Toa hewa bila kusukuma. Usifanye kitu kingine chochote. Dakika 5 hadi 10, asubuhi na usiku. Ukikosea hapa utakosea kwa kujikamua: kuachia ni kuacha kushikilia, na nguvu yoyote ya kusukuma ni kazi mpya.

Mikao inayosaidia ni ile inayofungua nyonga. Magoti yote mawili yavutwe kifuani yakiwa yametanuka. Mkao unaofanana na sujudu lakini magoti yako mbali na makalio yamekaa juu ya visigino. Au kuchuchumaa kabisa, visigino chini, mgongo umeegemea ukuta, makalio juu ya kigoda kama magoti yanalalamika. Shikilia dakika moja au mbili huku ukipumua kama hapo juu. Mchana jiulize kila ukishika simu: meno yamekutana? tumbo nimelivuta ndani? Anayevuta tumbo ili nguo imkae vizuri anakaza na sakafu bila kujua. Dereva wa masafa na mwanafunzi wa bweni anayeogopa choo cha shule nao hufika hapa kwa kuzuia mkojo saa nyingi.

Nundu zinazouma mtaalamu huzibonyeza kwa kidole kutoka ndani, sekunde 30 hadi 90 kila moja, kwa nguvu inayoleta maumivu yasiyozidi 3 au 4 kati ya 10, mpaka zilegee. Ukitoka pale unauma zaidi kwa siku mbili tatu, dozi ilikuwa kubwa, mwambie. Mibano ya kuimarisha inarudishwa baadaye, msuli ukishajua kwenda na kurudi.

Kwa mwanamke ambaye uke unajifunga wenyewe, kazi huenda kwa hatua. Kwanza kuangalia na kugusa nje kwa utulivu. Halafu kidole kidogo chenye jeli. Kisha vijiti laini vya kupanulia vya ukubwa unaoongezeka, dakika 5 hadi 10 kwa siku. Unapanda ukubwa pale tu uliopo unapoingia bila maumivu na bila mwili kushtuka. Tendo la ndoa linasimama kwa muda, na mume aelezwe sababu mapema, maana kila jaribio linaloumiza linaufundisha msuli kujifunga kwa nguvu zaidi. Krimu ya ganzi haifundishi kitu. Waliokeketwa wanahitaji kwanza kuangaliwa kovu na daktari, kwa sababu njia iliyozibwa na nyama ya kovu haifunguki kwa kupumua. Na kina somo na makungwi wanaowapokea wanawali wetu: maumivu yanayoendelea baada ya wiki za mwanzo si uoga wala utoto, mpelekeni hospitali.

Shabu, unga wa ugoro, mitishamba na sabuni za kubana uke haviimarishi msuli wowote. Vinakausha na kuchubua ngozi ya ndani, na anayehisi "kubana" baada ya kuvitumia anahisi ukavu na uvimbe.

Mkojo wa ghafla

Kibofu cha mtu mzima hukojolewa kila saa 3 au 4 hivi, mililita 300 hadi 400 kwa wakati. Kabla ya kubadilisha lolote, andika kwa siku 3: saa, ulichokunywa kwa kikombe, kiasi cha mkojo kwenye jagi lenye alama, na kama ulivuja. Daftari hilo hutoboa siri nyingi. Anayekojoa mililita 100 kila saa ana tatizo tofauti na anayekojoa mililita 500 kila saa. Huyu wa pili apimwe sukari.

Hamu inapokuja ghafla, usikimbie. Kukimbia kunatikisa kibofu na kuinua hofu. Simama au kaa, bana haraka haraka mara 5 au 6, nyanyua visigino mara kadhaa, subiri wimbi lipite, kisha tembea. Ongeza dakika 15 kwenye muda wako wa kawaida kila wiki. Punguza kahawa, chai ya rangi nzito, vinywaji vya kuongeza nguvu na soda. Usipunguze maji chini ya lita moja na nusu, labda daktari awe amekuzuia, kwa sababu mkojo mzito unakichokoza kibofu. Na tabia ya "nikojoe tu kabisa kabla sijatoka", kila mara, inakizoesha kibofu kudai kikiwa robo.

Wanaume: tezi dume, matone na nguvu

Baada ya tezi dume yote kuondolewa kwa ajili ya saratani, mlango mmoja wa mkojo umeondoka na uliobaki ni ule wa misuli. Afadhali kujifunza kubana wiki 2 hadi 4 kabla ya upasuaji, ukiwa huna maumivu na unahisi vizuri. Mpira wa mkojo ukiwa ndani usifanye mibano. Anza siku unapotolewa. Kuvuja huzidi jioni na wakati wa kuinuka, kwa hiyo gawa seti ziishie alasiri, na upumzike ukiwa umelala nusu saa mchana. Pima pedi kwenye mizani ya jikoni: uzito wa zilizolowa kwa saa 24, toa uzito wa zikiwa kavu, gramu 1 ni takriban mililita 1. Kuhesabu idadi ya pedi kunadanganya, maana msafi hubadilisha mapema. Nafuu hupanda polepole kwa miezi, hadi mwaka. Kuna anayebana mara 200 kwa siku akidhani ataharakisha. Misuli inachoka na jioni anavuja kuliko jana.

Matone yanayotoka baada ya kuvaa suruali ni jambo jingine, na yanasumbua zaidi mtu anayetaka kuingia kwenye sala akiwa na udhu wake. Huo ni mkojo uliobaki kwenye sehemu ya mrija iliyopinda nyuma ya korodani. Kutikisa uume hakuufikii. Ukimaliza kukojoa subiri sekunde chache, weka vidole nyuma ya korodani, bonyeza kwenda juu na uvute mbele hadi mwanzo wa uume, mara mbili au tatu. Mbano mmoja wa nguvu mwishoni unasaidia kuutoa.

Kuhusu nguvu za kiume, dawa zinazouzwa njiani zina matangazo. Mazoezi yana jaribio. Grace Dorey na wenzake, Uingereza, 2005, waliwafuatilia wanaume 55 wenye tatizo la kusimamisha waliofanya mibano na kurekebisha maisha. Baada ya miezi 6, asilimia 40 walirudi kawaida na asilimia 35.5 walipata nafuu. Misuli inayobana mzizi wa uume husaidia kuzuia damu isirudi. Hata hivyo kupungua nguvu ghafla kwa mtu wa miaka 45 kunataka presha na sukari vipimwe, kwa kuwa mishipa ya uume ni myembamba na huziba kabla ya ile ya moyo.

Baada ya uzazi, na mizigo

Mibano myepesi inaweza kuanza siku chache baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, mkojo ukishatoka wenyewe na maumivu yakiruhusu. Inapunguza uvimbe kwenye mshono. Ndani ya arobaini mama hapaswi kunyanyua kitu kizito kuliko mtoto wake. Kufunga tumbo kwa kanga kunaweza kutuliza, ila mkanda ukikazwa sana juu ya kitovu, mgandamizo unakwenda chini kwenye misuli iliyotoka kunyooshwa. Ukihisi uzito ukeni baada ya kufungwa, legeza. Aliyechanika hadi misuli ya haja kubwa asisubiri miezi. Aonwe na mtaalamu mapema hata kama ushuzi hauponyoki.

Kizazi au kibofu kilichoshuka kidogo hupata nafuu kwa mazoezi yaliyosimamiwa; kilichotoka nje kabisa hakirudi kwa kubana. Hapo huzungumzwa pesari, yaani kipete kinachowekwa ukeni kushikilia kilichoshuka, au upasuaji. Kwa wote, ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hatari kubwa iko kwenye kuipandisha kichwani kuliko kutembea nayo. Omba utwikwe. Ukiwa peke yako, gawa kwenye madumu mawili ya lita 10, chuchumaa, toa pumzi, bana, ndipo uinue.

Choo kigumu kinaua kazi yote hii. Anayetumia choo cha kuchuchumaa tayari yuko kwenye mkao mzuri. Wa choo cha kukaa aweke kigoda cha sentimita 20 hivi chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele, tumbo alilegeze, na atoe pumzi kwa mdomo wazi. Muda mzuri ni dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, utumbo unapoamka. Dakika 10 zikipita bila kitu, inuka.

Yasiyotibiwa kwa mazoezi

Mkojo unaotiririka usiku na mchana bila kukatika, baada ya uchungu wa siku nyingi au upasuaji wa uzazi, ni fistula mpaka daktari aseme vinginevyo. Ni tundu, na tundu hushonwa. CCBRT jijini Dar es Salaam na Panzi huko Bukavu ni miongoni mwa hospitali zinazoishona. Baada ya kushonwa baadhi hubaki na uvujaji mdogo, na hapo fiziotherapia inaingia, daktari akisharuhusu.

Nenda hospitali leo, si kesho, ukipata ganzi katikati ya mapaja na kwenye msamba, mkojo kugoma kutoka, au miguu kulegea pamoja na maumivu ya mgongo. Damu kwenye mkojo au kwenye choo, damu ukeni baada ya hedhi kukoma, na kupungua uzito bila sababu vinataka uchunguzi kabla ya zoezi lolote. Mjamzito anayetokwa damu, au ambaye kondo la nyuma limekaa chini kwenye kizazi, asipimwe kwa ndani.

Mashine za umeme zinazouzwa kwa kuingiza ukeni zina nafasi kwa mtu ambaye msuli wake haujibu kabisa, alama 0 au 1. Anayeweza kubana mwenyewe hazimwongezei mengi. Mwenye maumivu, mwenye mimba au mwenye kifaa cha umeme cha moyo asiziguse. Mayai ya mawe ya kuweka ukeni yanayotangazwa mitandaoni hubeba vijidudu kwenye matundu yake, na kuyashikilia kutwa kunafundisha kukaza tu.

Huduma hii iko zaidi kwenye hospitali kubwa za rufaa na baadhi ya kliniki binafsi za mijini. Ukipiga simu usiulize "mna fiziotherapia?", kwa sababu wengi wao hutibu mgongo na viharusi. Uliza kama kuna aliyefundishwa kutibu mkojo na nyonga, kama anapima kwa ndani, na siku gani yupo. Nenda na daftari lako la siku 3, majina ya dawa unazotumia, maana baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo au kulegeza mlango wake, pamoja na karatasi ya upasuaji kama unayo.